Ndiyo ya Baba

Jumatatu, 3 Juni
Baba kauza meli! Kwa simu, kati ya chai na gazeti. Kamwambia Mzee Miwani, dalali mwenzake wa miaka mingi, "Haya, ichukue." Na Mzee Miwani huwanunulia watu wa vyuma chakavu. Meli yetu ya mwisho. Yenye jina la marehemu Mama. Nilipomuuliza Baba, akashangaa — meli ipi?

Nimelia chooni ofisini, bomba nimelifungua karani asisikie.

Jumanne, 4 Juni
Tatizo ni Babu. Alianza na meza moja na simu ya kuazima, akiwatafutia wenye meli mizigo na wenye mizigo meli. Mkataba hana, muhuri hana, ana mdomo tu. Akisema ndiyo kwenye simu, imekwisha. Karatasi zitafuata zenyewe. Hivyo ndivyo alivyopata meli ya kwanza, na Baba akazifikisha saba. Soko lilipoanguka sita zikaenda, lakini hatukurudi nyuma kwenye neno hata moja. Sasa desturi hiyohiyo inatunyonga.

Jumatano, 5 Juni
Baba mdogo kaja na daktari na wakili. Njia ni moja, wanasema: tuandike kwamba Baba hana akili timamu tangu mwaka jana, kwa hiyo ndiyo yake si kitu. "Ulimi hauna mfupa," kasema wakili, "ndiyo maana kuna karatasi." Nikauliza, na mizigo yote aliyoikubali mwaka mzima? Baba mdogo akaniambia nisichokonoe. Mabaharia kumi na wanane wanakula kwa meli ile. Najua.

Nimesaini. Barua imekwenda kwa Mzee Miwani. Mkono ulikuwa wangu, siwezi kumsingizia mtu.

Alhamisi, 6 Juni
Sijala. Baba kamwambia karani kwamba dalali hasa ni mimi, yeye alikuwa tarishi wangu tu. Karani kacheka. Mimi — basi tu.

Ijumaa, 7 Juni
Leo Baba kaamka mzima. Mzima kabisa! Kavaa tai, kaja ofisini, kamsahihisha karani hesabu ya mafuta kwa kichwa. Na kakumbuka. "Nilimpa Miwani. Meli imechoka, mwanangu. Mama yako asingependa jina lake lizame na watoto wa watu."

Nikakosa pa kuweka uso.

Saa nne hii simu imelia. Mzee Miwani. Barua kaipata. Hana hasira, sauti tu imepooza. Karatasi haitaki. Anataka nimwambie kwa mdomo wangu: siku ile baba yangu hakujua anachosema? Nikisema ndiyo, meli ananirudishia sasa hivi.

Nimemwomba dakika moja. Simu iko begani, naandika. Baba kaketi mbele yangu, hasikii upande wa pili. Kaniuliza ni nani, nimemwambia. Katabasamu. Anadhani naandika masharti ya mauzo.

"Andika vizuri," ananiambia. "Halafu mjibu mzee wa watu."