Nukta za Ndeshi

Jumamosi, Januari. Jua kali hapa Sekei, na Mlima Meru uko wazi mpaka kileleni. Mimi nimefunga mapazia.

Asubuhi nilifungua ile programu ya kutungia mitihani ya kompyuta, nirekebishe mtihani wa mwaka jana niutumie kwa darasa la tano jipya. Nikaujaribu mwenyewe, nikijifanya mwanafunzi. Swali la kwanza la kujaza nafasi: "Ukiamkiwa shikamoo, utaitikia ____" Nikaandika marahaba, nikaweka nukta kwa mazoea.

Kompyuta ikasema nimekosa.

Nikafuta nukta. Sahihi.

Wakati wa kupanga majibu niliiwekea mashine neno tupu, na mashine haijui kusamehe nukta. Watoto wote waliandika neno tupu, wavivu wangu wale. Isipokuwa Ndeshi.

Mwaka mzima niliwaimbia kwamba jibu lisilo na nukta halijaisha. Ndeshi, mtoto wa wakulima wa kahawa kule juu mlimani, ndiye pekee aliyenisikia. Majibu yake nimeyafungua leo kwa mara ya kwanza. Wakati ule niliangalia jumla tu. Nafasi zote kazijaza sawasawa, kila moja na nukta yake. Kapata sifuri mwanzo mpaka mwisho.

Kwa jumla ile nilimwita mama yake, nikamwambia mtoto arudie darasa.

"Lakini mwalimu, nyumbani anasoma mpaka namnyang'anya daftari."

"Mama Ndeshi, kompyuta haina upendeleo."

"Haya, mwalimu. Wewe ndiye unayejua."

Ndeshi alikuwa amesimama pale pale. Akaniuliza kwa sauti ndogo amekosea wapi. Sikumjibu. Nilikuwa na haraka ya kuwaonyesha walimu wenzangu jinsi matokeo yalivyotoka upesi.

Swali lake linanifuata tangu asubuhi. Nimepika, nimefua, bado nalisikia. Naona aibu, naogopa pia. Wiki mbili sasa amekaa na watoto aliowatangulia, hanung'uniki, na daftari lake bado lina nukta kila mahali.

Jumatatu nitaingia kwa mwalimu mkuu na majibu haya mkononi, mtoto apelekwe la sita anakostahili. Lakini kabla ya hapo nitakutana naye getini, kama kila siku. Atasema, "Shikamoo, mwalimu."

Nitaitikia. Uso wangu nitauweka wapi?