Sanamu Zilizolala

Ohio, 28 Julai 1889

Mdogo wangu Lucius,

Hujambo? Sisi huku tu wazima, ingawa joto linatutoa jasho hata kanisani. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Unasema atakayeshinda mashindano ya shabaha atabaki Kansas miaka mitano kufundisha askari wapya, na atakayeshindwa atarudi kwao mkataba ukiisha Septemba. Nimejaribu kukuombea ushinde, lakini sala haikufika mwisho. Huenda ni ubinafsi. Huenda ni hofu ambayo sijaweza kuipa jina. Tangu ulipopigana vile vita vya milimani, barua zako zimekuwa fupi.

Dada yako,
Hester

Ngomeni, Kansas, 9 Agosti

Dada,

Salamu nyingi. Afya ninayo, heshima ndiyo imenitoka. Kwenye shabaha za maduara hakuna aliyenifikia. Lakini mwaka huu wameongeza sanamu za mbao zenye umbo la mtu: aliyesimama, aliyepiga goti, aliyelala. Tunakimbia, baragumu ikilia tunasimama na kufyatua. Waliosimama niliwapiga, waliopiga goti niliwapiga. Kati ya waliolala sikumgusa hata mmoja, na hao ndio wenye alama nyingi, kwa kuwa adui aliyelala ndiye anayevizia.

Kapteni Radnor akaniuliza, "Vipi Sajenti, risasi zilikuishia?"

Nikamjibu nilivyoona: "Hapana, bwana. Hao nilidhani wameshakufa."

Uwanja mzima ulicheka. Sasa kila nikijinyoosha kitandani, Koplo Beal anapaza sauti: "Jamani msimpige, huyu keshakufa!"

Nimewekwa akiba. Mmoja wa waliofuzu akiugua, nitaitwa badala yake kwenye fainali.

Mdogo wako,
Lucius

Ohio, 17 Agosti

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa furaha ninayoionea haya. Huyo Beal na acheke. Nilipofika kwenye jibu lako kwa Kapteni, niliiweka barua mezani nikazunguka chumba. Nilikuwa nikihofu kwamba jeshi limekuzoesha kumwona mtu kama alama tu. Kumbe mkono wako bado unajua pa kukomea.

Kisha nikajihoji. Hukuwahurumia, uliwadhani wafu. Je, hiyo ni huruma, au ni mazoea mabaya zaidi? Sijui. Niruhusu, kama ni kukosea, nikosee kwa upande wa matumaini. Mkataba ukiisha, rudi.

Dada yako,
Hester

Ngomeni, Kansas, 30 Septemba

Dada,

Natumaini u mzima. Nisamehe kwa kuchelewa. Niliandika nikachana, nikaandika tena.

Mmoja wa waliofuzu alishikwa na homa, nikaitwa. Baragumu ilipolia, nilianza na waliolala. Nilingoja mkono ukome, kama ulivyosema. Haukukoma.

Nimepewa medali, na nimetia saini miaka mitano. Usimlaumu mtu, kalamu niliishika mwenyewe.

Jana nilipokea wanafunzi wangu wa kwanza. Mmoja akauliza, "Sajenti, tukiwaona wote watatu kwa pamoja, tuanze na yupi?"

Nikamwambia, "Aliyelala. Huyo ndiye aliye hai."

Mdogo wako,
Lucius