Macho Yanayowaka Uani kwa Mama Mwamvita

Kasongo,
tarehe 14 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Djamali,

"Mududu haiko na macho ya kuwaka. Mulika inzi, mulika panzi, utaona nini? Ile ni macho ya wafu. Mama aondoke."

Hayo ni maneno yako, katika sauti uliyowatumia kwa simu majirani wa Kabambare. Nitayajibu, lakini kwanza nikusalimu. U hali gani huko Kalemie? Mkeo Esther-Divine na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimepungua? Sisi tunapumua tu. Mvua imekata barabara, na nyumbani kwangu hakuna anayecheka.

Mama mdogo Mwamvita, aliyekubeba mgongoni tangu mama yetu alipofariki, yuko kwangu. Nilimtoa Kabambare kwa pikipiki, na sufuria yake na mkeka. Anakaa chumba cha nyuma. Chakula anakirudisha.

Nikueleze ilivyoanza, maana ulihukumu bila kuona. Katembo, mchimba dhahabu aliyepanga jirani yake, alirudi giza likiingia, tochi ikiwa kwenye paji la uso. Uani kwa mama akaona nukta za kijani zikiwaka majanini, nyingi, zikihamahama. Majirani wakaja na tochi za mkononi, wasione kitu. Wakavaa ile ya Katembo, wakaziona. Basi wakasema ni macho yanayochagua mtu.

Hayachagui mtu. Kosa lako limeanzia kwenye neno. Inzi tunamwita mdudu, buibui tunamwita mdudu, kisha tunadhani wana macho ya aina moja. Jicho la inzi ni vijicho maelfu vilivyobanana, kila kimoja kikiona kipande chake kidogo. Kinachosogea anakiona upesi, lakini hatambui vizuri umbo lake. Buibui si wa ukoo huo. Kwa kawaida ana macho manane, na kila jicho lina lenzi yake moja, kama lako. Yule wa ardhini, anayewinda kwa kukimbia bila kutega utando, nyuma ya macho yake makubwa ana kitu kama kioo, kinachorudisha mwanga ili gizani usipotee bure. Macho yake mawili ya mbele katikati hayana kioo hicho. Na mwanga huo hurudi kule ulikotoka. Tochi ikiwa karibu na macho yako, utauona. Ukiishika kiunoni, unarudi kiunoni. Wafu hawana kazi hapo.

Wala usinijibu kwa dini. Hakuna dini inayomfukuza mjane kwa sababu ya buibui.

Nilipofika Kabambare nilimfunika buibui mmoja kwa bilauri mbele yao, jike, watoto wamejazana mgongoni, nao macho yao yanameta. Katembo alitazama, akainamisha kichwa, akakiri kwamba alikosea. Mzee mmoja akatania kwamba mimi nimeoa vitabu, ndiyo maana siogopi wachawi. Watu wakacheka, nikadhani tumeshinda. Ndipo mkuu wa mtaa akatoa simu, sauti yako ikasikika uani. Kicheko kikakatika. Nani angebishana na mtoto wa mama mwenyewe?

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Aliniambia, "Kama ni Djamali alisema, nifungie mukeka, niende."

Nimebishana na watu wengi maishani mwangu, Djamali, wenye vyeo na wenye elimu. Kabla ya siku ile sikuwahi kushindwa na sauti ya mtu asiyekuwepo.

Wasalimu dada Régina na watoto wake, na shemeji Clovis. Mungu awahifadhi na maradhi na awafungulie riziki. Mama hakunituma salamu. Sikumlazimisha.

Sasa nawataka wewe na Esther-Divine jambo moja. Siku barua hii itakapowafikia, giza likiingia, vaeni tochi kwenye paji la uso, mzunguke ua wenu pole pole. Sina shaka mtayakuta. Mkiyakuta, chagueni: ama Esther-Divine naye afungiwe mkeka, ama wewe utume sauti nyingine, kwa simu ileile, kwa watu walewale, uwaambie kwamba umekosea. Umtaje mama kwa jina lake. Na ufanye hivyo kabla hajakizoea chumba changu.

Nduguyo akupendaye, hata leo,

Iliasi