Mkanda Uliokaa Bila Kazi

Mjukuu wangu Hamisi, hapa Nyamugari tu wazima, na mama yako amepona homa, amerudi sokoni na vitenge vyake. Unaniuliza kwa nini fundi wa huko Muyinga anataka kubadilisha mkanda wa taimingi wa gari ulilonunua, wakati lilikaa miaka bila kutembea.

Hata mi mpaka leo sijaelewa vizuri. Babu yako alipokimbilia Tanzania wakati wa vita, gari lake nililifunika kwa mikeka, nikalilinda miaka yote hiyo. Amani ikaja, naye akarudi, akaita fundi. Fundi akasema mkanda wa ndani ya injini utolewe. Nikakasirika.

"Haujafanya kazi, umechokaje?"

Akaukunja kwa vidole. Ulikuwa mweusi, mzuri kama mpya, lakini nyufa zikatokea.

"Mpira unazeeka hata ukikaa, mama. Ukikatika njiani, injini imekwisha."

Jioni majirani wakaja kumpokea babu yako. Wakaniambia, "Wewe hujabadilika hata kidogo." Macho yangu yakabaki kwenye ule mkanda uliotolewa.

Ubadilishe, Hamisi, kisha uje unione. Watu watakuambia bibi yako yuko vilevile, lakini usichelewe.

Bibi yako, Mwajuma