Barabara ni ya Serikali

Busia, 10 Machi 2024

Mugeni mwanangu,

Salamu kutoka hapa kwetu. Mimi mzima, meno tu ndio inapungua. Wewe je? Mtoto je? Nasikia mmemwita Loy, jina la mama yako, Mungu amlaze. Nasikia kwa watu.

Barua anakuletea Omaido, yule wa lori ya samaki. Simu usinipigie. Simu inakata mtu mzima maneno katikati.

Habari ni hii. Mwezi wa nne kuna mbio ya vitu vitatu siku moja: unaogelea ziwa kule Majanji, unapanda baiskeli kupitia Busia mpaka Tororo, halafu unakimbia na miguu barabara ya Nagongera. Wenyewe wanaita trayatloni. Nimejiandikisha. Kijana wa kuandika ameniuliza, mzee unaandikisha mjukuu? Nimemwambia andika Oundo, ndio mimi. Ziwa nimezaliwa kando yake. Baiskeli, nani hajui? Kabla pikipiki haijakuja mimi nilivusha watu kutoka Busia ya Uganda mpaka Busia ya Kenya. Nilibeba padri mnene na mbuzi yake safari moja, na padri hakugusa chini hata kidole. Kukimbia tu ndio kitu ya watoto. Nitajifunza.

Mbio inapita mbele ya lango lenu. Usianze kufikiri mambo. Ua wa Owor mume wako sikanyagi mpaka alete ng'ombe ya mahari, nilisema na iko pale pale. Lakini barabara si ya Owor. Barabara ni ya serikali.

Baba yako,
Oundo


Tororo, 21 Machi 2024

Baba,

Barua imefika ikinuka samaki, nikaisoma hivyo hivyo mara mbili. Sisi ni wazima. Loy ameanza kutembea, na paji la uso ni la mama kabisa. Owor anakusalimu. Najua salamu zake huzitaki, mimi naziandika tu. Ng'ombe aliokuwa akiwafuga kwa ajili yako walikufa kwa ugonjwa wa ndigana, sasa ameanza upya na ndama.

Ningemleta mtoto mwenyewe umwone. Lakini ulisema mtoto haletwi kwa babu kabla ya ng'ombe, na shangazi zangu wote wakaitikia. Basi sisi tuko huku, wewe uko huko peke yako, na ng'ombe wenyewe hawana habari.

Baba, umepita miaka sabini, na mwezi wa nne ni wa mvua. Nakuomba uache. Najua hutaacha. Basi nitasimama langoni na mtoto, na kikombe cha maji. Wakimbiaji hupewa maji njiani, si mwiko.

Binti yako,
Mugeni


Busia, 14 Aprili 2024

Mugeni mwanangu,

Hamjambo huko? Mimi magoti inaimba lakini inatii.

Najifunza kukimbia. Asubuhi nazunguka kiwanja ya shule. Jirani yetu Kate ameniita kutoka kwa ukuta, "Mzee Oundo, nani anakufukuza?" Nikamwambia hakuna mtu, na hiyo ndio shida. Akacheka. Jioni napika ugali ya mtu moja na bado inabaki.

Maji nitakubali. Nimefikiri vizuri. Maji ambayo mtu anapokea huku anakimbia si maji ya nyumba. Lakini mtoto umshike upande wa barabara, nimwone uso. Sitasimama. Nikisimama inakuwa ziara. Wamenipa namba arobaini na moja ya kufunga kifuani. Mtu mwenye namba si mkwe, ni mkimbiaji tu.

Uwaambie watu wa kwenu mapema nani anakuja, wasipigane kuniona.

Baba yako,
Oundo


Tororo, 28 Aprili 2024

Baba,

Naanza bila kukuuliza hali, kwa sababu ndiyo ninayoitafuta.

Jana mvua haikukatika tangu alfajiri. Nilisimama langoni, mtoto mgongoni, turubai juu yetu. Kila aliyepita nilimtazama kifuani. Halafu likapita gari la kuokota waliochoka. Nikalisimamisha, nikauliza namba arobaini na moja. Wakasema mbio zimefungwa, kuna mzee mmoja amekataa kupanda gari, wakamvua namba. Alikoelekea hawajui.

Nilingoja mpaka Loy akaanza kukohoa, nikamwingiza ndani. Owor alirudi kutoka shambani akatoka tena hapo hapo kukutafuta, akafika mjini, hakukuona.

Uko wapi, Baba? Nimemwambia Omaido asirudi bila neno lako.

Binti yako,
Mugeni


Busia, 12 Mei 2024

Mugeni,

Niko nyumbani. Usimsumbue Omaido. Kikohozi ya mtoto imeisha?

Ziwa ilikuwa mbaya. Vijana wazima walishika mtumbwi ya kuokoa, wanalia kama kondoo. Mimi nilitoka maji wa mwisho, lakini nilitoka na mikono yangu. Aliyetoka mwisho amemshinda aliyebebwa, andika hiyo.

Kwa baiskeli, upepo ilikuwa ya uso, na matrela ya Malaba inakumwagia barabara yote mdomoni. Kufika Tororo watu wanakunja hema. Kijana akaniambia, "Mzee, imeisha, panda gari." Nikakataa. Akasema basi namba nirudishie. Akafungua pini polepole, kwa heshima, sikatai.

Nikakimbia bila namba. Na nilifika kwenu. Nilifika. Lango ilikuwa wazi na hamko. Nguo ya mtoto mmesahau kwa kamba, inanyeshewa, na kofia nyekundu kidogo hivi. Nikasikia anakohoa, na wewe unamwimbia ile wimbo ya mama yako ya kutwanga. Nikafungua mdomo nikuite. Lakini mtu hana namba na anasimama kwa lango, huyo ni nani? Ni mkwe amekuja kabla ya ng'ombe.

Nikasimama mpaka wimbo ikaisha. Kikombe mliacha juu ya nguzo, kimejaa mvua. Hiyo nilikunywa. Mvua si ya Owor.

Usiniandikie juu ya mambo hii tena.

Baba yako,
Oundo


Tororo, 2 Juni 2024

Baba,

Natumaini magoti yametulia. Loy amepona.

Kikombe nilikikuta kimegeuzwa kifudifudi juu ya nguzo. Nilidhani ni Owor.

Umenikataza kuandika juu ya siku ile, kwa hiyo naandika jambo lingine. Owor ametengeneza benchi. Hatukuiweka uani. Tumetoka langoni, tukavuka mtaro, tukaichimbia ng'ambo, karibu na jiwe la mpaka la watu wa barabara, upande wa serikali. Anayekaa pale hajaja kwetu. Kila Jumapili baada ya kanisa mimi na Loy tunakaa hapo, upande mmoja.

Ng'ombe watakuja wakikua.

Binti yako,
Mugeni


Busia, 30 Juni 2024

Mugeni mwanangu,

Mimi mzima. Natumaini nyinyi pia.

Omaido amepita hapo, anasema benchi mguu moja inacheza. Mwambie Owor, wewe ndio umwambie, si mimi, atumie misumari ndefu. Mimi nimewahi kubeba padri, najua kitu ya kubeba mtu.

Baiskeli nimetia mafuta.

Hiyo benchi inaangalia wapi? Kama inaangalia nyumba, igeuzeni iangalie barabara.

Hapana. Iacheni.

Baba yako,
Oundo