Flash Iliyobaki Kwenye Koti Lako

Papa Kalonji,

Kesho saa mbili asubuhi nasimama mbele ya mkurugenzi.

Baada ya kukuzika, wezi waliingia ofisini kwa njia ya mtandao. Wakafuta mafaili ya wateja na kumbukumbu zote za pare-feu, ile mashine ya kuzuia wezi wa mtandao uliyonifundisha kuilinda kama mlango wa nyumba. Mkurugenzi anasema kuna mtu aliyewafungulia, na kwa kuwa neno la siri limebaki kwangu peke yangu, ni mimi. Akishikilia hivyo, kazi sina, na polisi wananingoja.

Nikakumbuka Ijumaa zako. Ulikuwa unakopi kumbukumbu na mipangilio ya pare-feu kwenye flash, unaichomoa papo hapo, unaitia mfuko wa ndani wa koti. Nilikucheka. Ukaniambia, "Mutoto wangu, kopi yenye kubakia mu mashini haiko kopi."

Lakini koti liligawiwa siku ya kumaliza kilio, akapewa mdogo wako anayekaa mtaa wa Annexe. Nguo ya marehemu ikishagawiwa haidaiwi, najua. Nilikwenda hivyo hivyo, aibu ikanitoa jasho. Alinipa koti, akatazama pembeni nikipekua mifuko. Flash ilikuwemo.

Nikaisoma. Papa, mlango wa pare-feu uliufungua wewe. Ijumaa ile ya mwisho, kabla ya kulazwa, ili uifuate kazi kutoka kitandani hospitalini. Pembeni ya amri hiyo uliandika: "Kufunga lundi." Jumatatu hiyo hukuifikia; Jumapili ukatuacha.

Nilikukasirikia. Nilikukasirikia kweli. Halafu nikalia, kwa sababu tangu uondoke niliacha flash yangu imechomekwa, ijikopi yenyewe. Sikuisoma hata mara moja, na wezi wakaifuta pamoja na mengine. Ningeisoma Ijumaa moja tu, ningeona maneno yako, ningefunga.

Kesho nitamwonyesha mkurugenzi kosa lako na langu. Sitakuficha, wala sitajificha nyuma yako. Mama wa nyumbani kwako, mke wako, nimeshamwambia. Akasema, "Sema kweli. Ye mwenyewe angesema."

Akiniacha kazini au asiniache, kila Ijumaa nitakakokuwa nitakopi, nitachomoa, nitasoma. Mashine nimeipanga upya kwa kopi yako. Maneno yako sikuyafuta, yako palepale.

Pumzika sasa, Papa. Mlango nimekufungia.

Mwanafunzi wako,
Trésor