Vipande Vyote Vinafanana

Jumatatu, 5 Machi 1990
Herufi tena tangu asubuhi. Kiprop anazisoma kwenye filamu ya maabara, kama ile ya eksirei, mimi nachapa. A, C, G, T. Nyingine hakuna. Anasema hayo ndiyo maandishi ya urithi ndani ya mwili wa binadamu, na sehemu yetu hii inarudia maneno yale yale kama kiitikio cha wimbo. Wiki ya sita ya ndoa na bado nikimsikia akitaja G moyo unaruka. Nilipomaliza shule nilidhani nitakuwa karani wa posta. Sasa niko chuoni Chepkoilel, mbele ya kompyuta, na mume wangu ubavuni!

Jumanne, 6 Machi
Kompyuta imeunganisha vipande vya maandishi tulivyochapa. Kila kimoja ni kifupi. Mwisho wa hiki ukifanana na mwanzo wa kile, vinashikana. Tukashangilia. Halafu Kiprop akahesabu urefu. Ni nusu tu ya ule waliopima maabara. Mashine imelaza viitikio vinavyofanana kimoja juu ya kingine, ikadhani ni kimoja. Profesa, mkuu wake, amempa mpaka Ijumaa. Bila jibu, kazi atapewa mtu mwingine na mkataba wa Kiprop utakwisha. Hakula jioni. Na nilikuwa nimepika kuku!

Jumatano, 7 Machi
NIMEKASIRIKA. Kumbe tangu mwanzo ameiamuru mashine isahihishe: kipande kikitofautiana na wenzake kwa herufi moja, ibadilishwe ifanane nao.
"Ni makosa ya kuchapa tu, mpenzi. Kila mtu hukosea."
"Makosa ya nani?"
Akakuna shingo.
Yangu! Mimi mwenye cheti cha kuchapa bila kutazama vidole! Tunalala tumepeana migongo. Mgongo wake ni mzuri, lakini.

Alhamisi, 8 Machi
Mvua ya kwanza. Nilienda naye kazini. Nikabandika filamu dirishani, rula mkononi. Mistari myeusi kama ngazi. Nikakagua kila herufi aliyoibadilisha. Ya kwanza nilichapa T, na filamu inasema T. Ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Nilikagua kumi na tisa. Nilikosea moja. (Haya, moja.) Kumi na nane zipo kabisa, wazi kama mchana.
"Mwalimu," nikamwita mume wangu, "njoo uone makosa yangu."
Akatazama. Akatazama tena. Akaketi sakafuni na suruali yake safi. Kumbe viitikio havifanani herufi kwa herufi! Vingi vina herufi moja ngeni, kama kondoo wa mama yake kule Ainabkoi wanavyojulikana kwa alama ya sikio. Herufi hizo ndizo zinazoonyesha kipi ni kipi, naye alikuwa akizifuta kwa kuwa alidhani mke wake hajui kuchapa. Akaomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha ya kwao. Nilishamsamehe kwenye Kiswahili, ila nilimwacha aendelee.
Ameiandikia mashine amri mpya: vipande visishikane mpaka herufi ngeni nazo zilingane. Tumeiacha ikisaga. Ee Mungu, stima isipotee, mashine isizimike.

Ijumaa, 9 Machi
Stima haikupotea! Urefu umekaribia kabisa ule wa maabara. Kumebaki pengo moja fupi katikati, viitikio visivyo na alama hata moja. Kiprop hakubahatisha. Aliacha nafasi wazi, akaandika kwamba hajui. Profesa alilisifu hilo kuliko yote. Kazi inabaki kwetu!
Nilikuwa mlangoni na chupa ya chai Profesa alipouliza nani alikagua filamu.
"Mke wangu, Profesa. Mimi ndiye niliyekosea."
Mbele ya idara nzima!
"Basi siku nyingine," akasema Profesa, "umuulize Mama kabla hujafuta."
Wakacheka wote. Nilitaka kumbusu pale pale, walimu watazame wakitaka.

Jumatatu, 12 Machi
Filamu mpya. Anasoma, nachapa. Akifika penye herufi ngeni anasimama, anangoja niinue kichwa niitazame mwenyewe, kisha anaendelea. Mvua imenyesha kutwa. Chai imepoa mezani, hakuna aliyeikumbuka.